Chumvi Inapolia Maji: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kukausha Mimea ya Nyumbani

Tangu masika yaanze, barua zinazoifikia safu hii zimekuwa zikilalamikia jambo moja kwa maneno tofauti: mrehani ulioota ukungu ukiwa chupani, pilipili zilizolegea baada ya kukauka, unga wa mlonge ulioshikana kama saruji iliyopigwa na umande. Tumechagua barua sita, tukazifupisha bila kugusa maana, na majina ya wenyewe tumeyahifadhi.

*Shikamoo Bibi. Juu ya paa la saruji la nyumba yetu nimepanda mrehani, nanaa na mchaichai katika vyungu na makopo ya rangi. Mwezi wa Mei nilivuna, nikafunga vishada, nikavining'iniza jikoni kwa siku tisa mpaka majani yakawa yanavunjikavunjika mkononi. Niliyatia chupani nikafunga kwa nguvu. Wiki mbili baadaye nilifungua, nikapigwa na harufu ya uvundo, na katikati ya chupa nikakuta ukungu mweupe kama pamba. Nimekosea wapi, ilhali majani yalikuwa makavu?* (Msomaji wa Mji wa Kale)

Marahaba, mwanangu. Majani yako yalikuwa makavu kweli, lakini mabua yake hayakuwa makavu, na huko ndiko msiba ulikoanzia. Kabla ya kulifikia bua, hata hivyo, sina budi kuzungumza kidogo juu ya hewa, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba kinachokausha ni jua. Jua ni msaidizi tu. Kinachokausha ni hewa yenye nafasi ya kupokea maji, na hewa ya Mombasa aghalabu haina nafasi hiyo.

Kitazame kidau cha chumvi kilichopo jikoni mwako. Chumvi ya mezani hubaki kavu maadamu unyevu wa hewa, yaani maji iliyonayo hewa yakilinganishwa na yote inayoweza kuyabeba, haujapita asilimia 75 hivi. Ukipita hapo, chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani, hushikana, na mwishowe hulia maji. Ndiyo sababu mama zetu hutia punje chache za mchele ndani ya kidau, na ndiyo sababu katika mwezi wa Mei hata huo mchele hausaidii. Jani lililoning'inizwa jikoni hufuata kanuni hiyohiyo: halikauki kupita kiasi ambacho hewa inakiruhusu, na likiachwa usiku kucha katika hewa iliyoshiba huyanywa tena maji liliyoyatoa mchana. Hapa pwani unyevu hupanda usiku, hufikia kilele karibu na alfajiri na mara nyingi huwa umepita asilimia 90, kisha hushuka kadiri joto linavyopanda, hata kati ya saa saba mchana na saa kumi alasiri ukawa karibu na 65. Kwa hiyo vishada vyako, katika siku zile tisa, vilikuwa vikitoa maji mchana na kuyarudisha usiku, kama nguo za mtu anayeanika vizuri lakini akasahau kuanua. Barua yako haikusema uliyatia majani chupani saa ngapi. Nikikisia, nitasema ilikuwa asubuhi, kabla ya shughuli za siku.

Sasa bua. Jani la mrehani ni jembamba na lina uso mpana, hivyo hukauka upesi. Bua ni nene, limefunikwa na ganda, na maji yake hutoka polepole mno. Ukilisaga jani kati ya vidole likavunjika, umelipima jani peke yake. Ukishafunga chupa, maji yaliyobaki ndani ya bua huhamia kwenye majani mpaka vyote viwili vilingane, na baada ya siku mbili tatu majani yaliyokuwa yakivunjika huwa laini kama kitambaa. Hewa iliyofungiwa humo nayo hupanda unyevu. Ikipita asilimia 70, aina nyingi za ukungu huweza kuota. Kati ya 60 na 70 zipo chache kaidi ambazo bado hujaribu. Chini ya 60 hakuna ukungu wala bakteria inayoweza kukua. Chupa yako ilikuwa bustani ya pili.

Msimu ujao vuna asubuhi baada ya umande kuondoka, na si siku ambayo mvua imenyesha usiku. Mrehani na nanaa uyapurure majani kutoka kwenye mabua kabla ya kuyakausha, na mchaichai uukate vipande vya urefu wa kidole. Yashike majani ya mrehani kwa upole, maana yakipondeka huwa meusi kabla hata ya kukauka. Yatandaze kwenye uteo kwa tabaka moja, uteo uinuliwe juu ya viti viwili ili hewa ipite chini, funika kwa kipande cha chandarua, kisha uelekeze feni pembeni yake. Feni haipunguzi unyevu wa chumba hata chembe. Kazi yake ni kuifukuza ile hewa iliyoshiba ambayo huganda juu ya jani. Kwa hiyo feni ndani ya chumba kilichofungwa madirisha ni kuzungusha maji yaleyale.

Feni itakufikisha pazuri wakati wa kaskazi, hususan Januari na Februari, mvua zinapokuwa haba. Wakati wa masika haitoshi, na hapo unahitaji joto kidogo. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 ikipashwa mpaka nyuzi 38, bila kupunguziwa hata tone la maji, unyevu wake hushuka mpaka asilimia 46 hivi, kwa kuwa hewa yenye joto ina nafasi kubwa zaidi ya kubeba mvuke. Mimi nilichongesha sanduku la mbao kwa fundi mmoja wa Majengo: kimo chake chafika kiunoni, ndani lina trei tatu za wavu, chini lina balbu ya wati 40 ya aina ile ya zamani yenye waya unaong'aa, iliyozungushiwa kopo la bati lililotobolewa ili jani lisiiangukie likashika moto. Balbu za kisasa zinazookoa umeme hazifai hapa, maana hazitoi joto la kutosha. Lina matundu chini na matundu juu, na ya juu ndiyo ambayo watu husahau. Nilipolitumia mara ya kwanza nilikuwa nimeyaziba kwa kuogopa panya, na jioni nilikuta kifuniko kinatiririka maji kama sufuria ya wali. Usivuke nyuzi 40 kwa majani yenye manukato, kwa sababu ile harufu unayoitaka ni mafuta yanayopeperuka, na joto kali huyapeperusha pamoja na maji. Wala usiliache sanduku likiwaka ukaenda kulala.

Anua alasiri, yaache majani yapoe kwa dakika kumi hivi, kisha yatie chupani palepale. Jaza theluthi mbili tu. Kuanzia hapo ndipo inapoanza kazi ambayo wengi hawaijui. Wazee wetu wana neno kuvumbika kwa ndizi na maembe, yaani kuyafukia mahali pa joto mpaka yaive. Hili letu linafanana na hilo kwa kuwa nalo ni kusubiri ndani ya kitu kilichofungwa, lakini lengo ni kinyume, kwani hapa tunayapa maji machache yaliyosalia muda wa kusambaa sawasawa, na yale yaliyozidi tunayatoa. Kwa wiki moja uitazame chupa kila siku. Itikise: majani yakigongana kwa mchakacho, ni salama, yakishikana kama donge, yarudishe kwenye uteo siku hiyohiyo. Ukiifungua ili kuipumzisha, ifungue alasiri kwa dakika kumi na tano, kamwe si baada ya swala ya alfajiri, kwa sababu wakati huo utakuwa unaiingizia unyevu badala ya kuutoa.

Kwa mwenye mizani ya jikoni kuna njia nyingine ambayo haidanganyi. Majani mabichi ya mrehani ni maji kwa kiasi cha asilimia 90. Kilo moja, basi, ina gramu 100 tu za jani lenyewe, na likikauka hata likabakiwa na maji ya asilimia 10 ya uzito wake, mizani itasoma gramu 111. Ikisoma 150, usiniandikie tena. Rudisha kwenye uteo.

*Asalaam aleikum. Nimenunua vipimaunyevu viwili vidogo vya kielektroniki. Niliviweka pamoja juu ya meza, kimoja kikasoma 71 na cha pili 82. Muuzaji anasema vyote ni vizima. Nikiamini kipi?* (Msomaji wa Kisauni)

Waaleikum salaam. Usiamini chochote mpaka umekipima, na kitakachokupimia ni ile chumvi tuliyoizungumza hapo juu. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, ukijaze chumvi ya mezani, kisha udondoshee maji tone baada ya tone mpaka chumvi iwe kama matope ya ufuoni: imelowa, lakini haijayeyuka, na hakuna maji yanayoelea juu yake. Kiweke kifuniko hicho ndani ya kopo kubwa lenye kuonyesha, weka vipimo vyote viwili kando yake bila kugusana na chumvi, ufunge, uliache kopo mahali pasipopigwa na jua wala upepo wa feni kwa muda wa saa kumi na mbili. Mchanganyiko huo huishikilia hewa iliyofungiwa humo katika asilimia 75, iwe ni Mombasa au Nairobi, masika au kiangazi. Kipimo kinachosoma 71 kimepungukiwa na nne, basi uwe unakiongezea nne kila mara. Kinachosoma 82 kimezidi saba, ukipunguzie. Andika marekebisho hayo kwenye kipande cha gundi ya karatasi ukibandike mgongoni mwake, kwa sababu baada ya miezi sita utakuwa umesahau.

Tanabahi kwamba jaribio hili linahakikisha nukta moja tu. Kipimo kilicho sahihi kwenye 75 huweza kuyumba kidogo kwenye 40, lakini kwa kazi yetu, ambayo hatari yake yote iko kati ya 60 na 75, linatosha kabisa.

Kipimo kikishasahihishwa, kitie ndani ya chupa pamoja na majani, funga, usome baada ya saa ishirini na nne. Namba hiyo ina faida kuliko unyevu wa chumba, maana inakuonyesha kile ambacho jani lenyewe linakiona. Ikiwa imepita 65, toa majani nje leo. Ikiwa kati ya 55 na 65, endelea kuyapumzisha kila alasiri. Ikiwa chini ya 55, funga, uweke kabatini penye giza, na uende zako.

*Dada, salamu. Mimi ni mstaafu na nina milonge mitatu uani. Huwa natandaza majani juu ya gunia kwenye mabati, ambako hukauka kwa siku moja, lakini rangi yake huwa kama ya nyasi zilizokufa. Je, kuna ubaya?* (Msomaji wa Changamwe)

Ubaya upo, kaka. Mabati ya saa nane mchana hupika, hayakaushi, na mwanga mkali wa jua huharibu ule ukijani pamoja na sehemu ya vitamini A ambayo wengi hutafutia mlonge. Yakaushe kivulini, ndani ya nyumba, kwa feni, baada ya kuyaosha na kuyakung'uta maji. Vijani vya mlonge ni vidogo na hukauka kwa siku mbili tatu hata bila ya jua, mradi visirundikwe. Usage tu baada ya kuhakikisha kwamba hata vile vikonyo vyembamba vimeondolewa, kwa kuwa unga hunyonya unyevu haraka kuliko jani zima. Saga kidogo cha mwezi mmoja, kilichobaki ukihifadhi kikiwa majani. Wanaokausha hina ya kusaga wanajua habari hii ya kivuli tangu zamani.

*Bibi, shemeji yangu anaishi Kanada, na huko hukuza bangi nyumbani kihalali. Ananiambia kwamba baada ya kuikausha huitia kwenye chupa pamoja na vifuko vidogo vilivyoandikwa 62, navyo huulinda unyevu usipande wala kushuka. Anataka kuniletea vifuko hivyo kwa ajili ya mrehani na nanaa yangu. Vitafaa?* (Msomaji wa Tudor)

Tutenganishe mambo mawili kwanza. Sheria ya Kanada iliyoanza kutumika tarehe 17 Oktoba 2018 inaruhusu miche minne kwa nyumba moja, ingawa baadhi ya majimbo yalijiwekea masharti yao. Hapa Kenya, sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka 1994 inakataza kuikuza na kuwa nayo, kwa hiyo anachokifanya shemeji yako huko kibaki huko, na ajapo aje na vifuko vitupu. Vifuko vyenyewe havina kosa lolote.

Ndani ya kifuko hicho hamna muujiza ila ni chumvi na maji tena, kama kile kifuniko cha soda cha msomaji wa Kisauni, isipokuwa kwamba chumvi iliyochaguliwa ni nyingine, na imefungwa ndani ya utando unaopitisha mvuke bila kupitisha maji. Kila aina ya chumvi iliyolowa ina namba yake: chumvi ya mezani hushikilia 75, kloridi ya magnesi hushikilia 33 hivi, na watengenezaji huchanganya mpaka wapate 58 au 62. Hewa ikiwa na unyevu zaidi, kifuko hunyonya. Ikiwa kavu zaidi, kifuko hutoa. Wenye kazi hiyo huko ng'ambo wanataka namba hizo kwa sababu ua la mmea ule likikauka kupita kiasi huvunjika likawa vumbi na harufu yake hutoweka, na likizidi unyevu huota ukungu kutoka ndani, penye kikonyo, mahali ambapo jicho halifiki. Viwango vya biashara hiyo huko Marekani vimeuweka unyevu huo kati ya asilimia 55 na 65. Kwao, basi, 62 ni shabaha iliyokusudiwa.

Kwako wewe 62 ni kubwa mno. Mrehani wa jikoni tunautaka uwe kau, uvunjike juu ya mchuzi bila kushikana na vidole, na kwa hilo chupa inapaswa kuwa chini ya 55. Ukitia kifuko cha 62 ndani ya chupa ya majani yaliyokauka vizuri, kifuko hakitayalinda bali kitayarudishia maji, na wewe utadhani umetendewa hisani. Kinachokufaa ni kitu kinachonyonya bila kutoa. Vile vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu hufanya kazi hiyo, lakini nyingi katika hizo huwa zimeshiba kabla hazijafika dukani, na si zote zilizotengenezwa kwa ajili ya chakula. Mimi hutumia mchele: nusu kikombe ukaangwe mkavu kwenye kikaango mpaka ugeuke rangi ya dhahabu, upoe ndani ya kopo lililofungwa, halafu ushonewe kifuko cha kitambaa chepesi na uwekwe chini kabisa ya chupa. Ukilegea baada ya miezi miwili, huukaanga tena.

Jambo moja la kuiga kwa shemeji yako ni subira. Kwa kawaida wao huning'iniza kwa wiki moja hadi mbili katika chumba cha ubaridi na giza, kisha huzifungua chupa kila siku kwa wiki nzima na zaidi kabla hawajaziacha. Sisi hutaka mambo yaishe kwa siku moja ya jua.

*Nyumba yetu ina kiyoyozi katika chumba kimoja. Nikaonelea kuwa huko ndiko kukavu, nikapeleka chupa zangu zote za majani na viungo. Cha ajabu, kila nikiitoa chupa kupeleka jikoni, nje huwa na maji, na bizari ndani imeanza kushikana. Kiyoyozi si hukausha hewa?* (Msomaji wa Bamburi)

Hukausha, maadamu kinafanya kazi. Hewa inapopita kwenye mabomba yake baridi huacha sehemu ya maji yake, na hayo ndiyo yale yanayodondoka nje ya dirisha. Kuanikia majani katika chumba hicho ni wazo zuri sana, pengine zuri kuliko sanduku langu, kama mtu anamudu stima yake.

Tatizo lako ni safari ya kutoka chumbani hadi jikoni. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kudondosha maji juu ya chochote chenye baridi ya nyuzi 24 au chini ya hapo. Chupa iliyolala katika nyuzi 20 ikifika jikoni mwako hutoka jasho papo hapo kama chupa ya soda iliyotolewa frijini; ukiifungua wakati huo, hewa ya jikoni huingia ndani na kudondosha jasho lilelile juu ya bizari. Sufuria inayochemka karibu nayo huzidisha. Iache chupa ikiwa imefungwa kwa muda wa saa moja ipate joto la jikoni, ndipo uifungue. Na iwapo kiyoyozi huzimwa mchana, elewa kwamba chumba hicho hurudia unyevu wa kawaida kila siku, hivyo hakina faida ya kuhifadhia. Kabati la kawaida, lisilogusana na ukuta wa nje wala kuwa juu ya jiko, litakutosha, mradi vifuniko vya chupa vina mpira usiopasuka. Viungo vya kila siku viwekwe kwenye kikopo kidogo, na akiba isiguswe.

*Nilinunua pilipili mbivu nusu debe pale Kongowea, nikazianika juu ya mkeka sakafuni kwa siku sita. Zilikuwa zimeanza kukauka, mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Sasa baadhi zina madoa ya kijivu. Jirani amenishauri nizioshe kwa siki na kuzianika upya, kisha nizisage; anasema moto wa kupikia utaua kila kitu. Nifuate ushauri wake?* (Mama wa watoto watatu, Likoni)

La, dada yangu, usifuate, na jirani usimlaumu, kwa kuwa alisema lile ambalo wengi wetu tumelisikia tangu utotoni. Chukua pilipili mbili tatu ambazo nje zinaonekana nzima, uzipasue kwa kisu kutoka kwenye kikonyo hadi nchani, uzitazame penye mwanga. Ukiona vumbi la kijivu au la kijani limezizunguka mbegu, ujue kwamba ukungu ulianzia ndani, na siki haikufika huko. Moto huua ukungu wenyewe, lakini baadhi ya aina za ukungu huacha sumu iitwayo aflatoksini, na hiyo haiondolewi na joto la sufuria wala haina harufu ya kukuonya. Nchi hii iliionja mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yalipodhuru watu 317 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, na 125 kati yao wakafariki. Pilipili huliwa kidogo kuliko ugali, hilo ni kweli, lakini katika nyumba yenye watoto sioni sababu ya kupiga hesabu hiyo.

Zenye madoa, na zile zilizokuwa zimegusana nazo, zifukie. Usimpe mbuzi wala kuku, kwa sababu sumu hiyo huweza kupita ikaingia katika maziwa na mayai.

Safari nyingine zipasue pilipili kabla ya kuzianika, kwa kuwa ngozi yake ina nta na hufungia maji ndani hata wakati nje pamekunjamana. Ziinue kutoka sakafuni, ambako ubaridi wa saruji hurudisha unyevu usiku kucha chini ya mkeka. Wenzetu wa Pemba huanika karafuu juu ya majamvi uwanjani, na wingu likionekana tu, watoto kwa wazee hukimbilia kuanua. Ndiyo kazi nzito zaidi ya kuanika, na haifanywi na mtu aliyekwenda sokoni akaacha jamvi peke yake. Mvua ikikukuta katikati, usisubiri jua: ziingize jikoni, zitandaze kwenye karai pana karibu na jiko la makaa yaliyofifia, uzigeuze kila saa, dirisha likiwa wazi ili mvuke upate pa kutokea. Mkeka uliotumika usuguliwe kwa sabuni na ukae juani siku nzima kabla haujatandikwa tena kitu cha kuliwa.